Somo la Madereva: Gari la Otomatiki Likichelewa Kubadili Gia

Zamani mtu aliyetaka kujua kuendesha gari hakuwa na budi kujifunza kwanza kazi ya klachi na gia: mguu wa kushoto ukanyage, mkono wa kushoto usukume, na yote mawili yapatane. Leo watu wengi huendesha magari yabadiliyo gia yenyewe, yaani magari ya otomatiki. Sanduku la gia la kwanza la namna hii lililouzwa kwa wingi lilikuwa Hydra-Matic la kampuni ya General Motors ya Marekani, nalo lilitiwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Tangu hapo raha ya kuendesha imeongezeka, lakini raha hiyo ina hasara yake. Mwenye gari hajui tena yanayotendeka chini ya miguu yake, na siku gari linapougua huwa hana neno la kumwambia fundi. Mtu asiye na neno la kusema hulipa kila aambiwalo.

Katika somo hili tutaeleza ugonjwa mmoja tu, ambao huwapata sana magari kuukuu ya otomatiki, nao ni kuchelewa kubadili gia. Tutaonyesha sababu zake, namna ya kuzichunguza kwa utaratibu, na kosa moja kubwa ambalo limeharibu masanduku mengi ya gia yaliyokuwa mazima.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko mtu akaaye karibu na Thika, ambaye hupeleka mboga Nairobi kila alfajiri kwa gari lake, Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8, Corolla za miaka hiyo tuzionazo barabarani zimekwisha kukaa nchini muda mrefu, na nyingi zimepita katika mikono ya mafundi wengi. Gari la mtu huyu zamani lilikuwa likitia gia ya pili mara tu baada ya kuondoka. Sasa injini hulia kwa nguvu, watu hugeuka kutazama, na gia haibadiliki mpaka gari lifikie mwendo wa kilomita 45 kwa saa. Petroli inakwisha upesi. Amempelekea fundi, na fundi, bila kufungua hata boneti, amemwambia, "Mzee, giaboksi imekwisha. Tafuta ingine." Basi mtu huyu anafikiri kumuuza ng'ombe wake wa maziwa ili apate fedha. Je, afanye hivyo?

Sanduku la gia hujuaje wakati wa kubadili?

Kabla ya kujibu, yatupasa kujua kazi ya sanduku hilo. Katika magari mengi ya zamani hakuna kompyuta iamuruyo kila gia. Kazi karibu yote hufanywa na mafuta ya gia yasukumwayo na pampu. Ndani yake kuna vali ndogo, na kila vali husukumwa kutoka pande mbili.

Upande mmoja husukumwa na ujumbe utokao kwa mguu wa dereva. Kadiri mguu ukanyagavyo pedali ya petroli, ndivyo ujumbe huu usemavyo, "Ngoja, usibadili bado, dereva ataka nguvu." Upande wa pili husukumwa na ujumbe utokao kwa mwendo wa magurudumu. Kadiri gari liendavyo mbio, ndivyo ujumbe huo usemavyo, "Badili sasa, tumekwisha kupata mwendo." Ujumbe wa magurudumu ukiushinda ujumbe wa mguu, vali husogea, na gia hubadilika.

Kwa hiyo gari likichelewa kubadili gia, moja ya mambo mawili huenda ikawa kweli. Ama ujumbe wa mguu una nguvu kupita kiasi, ama ujumbe wa magurudumu ni dhaifu. Sanduku lenyewe laweza kuwa zima kabisa, ila linatii amri ya uongo. Mtu akiifahamu habari hii moja, amekwisha kupata nusu ya somo.

Kwanza: Hakikisha kwamba ni kuchelewa kweli

Kuna magonjwa mawili yafananayo kwa sauti, lakini si ndugu. Moja ni kuchelewa, na la pili ni kuteleza. Katika yote mawili injini hulia. Tofauti yake ni hii: gia ikichelewa, injini hulia na gari huzidi kwenda mbio pamoja nayo. Gia ikiteleza, injini hulia lakini gari haliongezi mwendo, kama mtu atembeaye katika tope la masika, miguu yaenda naye yupo pale pale. Kuteleza ni dalili ya mafuta kupungua au sahani za klachi za ndani kuungua, na hilo ni jambo zito zaidi.

Nenda katika barabara tambarare isiyo na watu wengi. Kaa na mwenzako ili yeye aandike, nawe utazame njia. Ondoka kwa kukanyaga kidogo tu. Gari dogo la gia 4 likiwa zima na limepata moto, kwa kadiri litatia gia ya pili kati ya kilomita 15 na 25 kwa saa, ya tatu kati ya 35 na 50, na ya nne kati ya 55 na 75. Hesabu hizi si sheria. Kila gari lina zake katika kitabu chake. Lakini zikizidi sana, ugonjwa upo.

Kisha fanya jaribio jepesi kupita yote. Injini inapolia na gia haijabadilika, inua mguu wako ghafula katika pedali. Ikiwa gia inabadilika papo hapo, umepata habari njema: sanduku laweza kubadili, ila lilikuwa likizuiwa na ujumbe wa mguu.

Pili: Tazama mafuta ya gia

Watu wengi hupima mafuta ya injini na kuyasahau mafuta ya gia. Liendeshe gari mpaka lipate moto, yaani baada ya kilomita 15 hivi. Lisimamishe mahali tambarare, funga breki ya mkono, na uiache injini ikizunguka taratibu. Ukiwa umekanyaga breki ya mguu, pitisha mkono wa gia katika kila nafasi toka P mpaka L, kisha uurudishe katika P. Sasa chomoa kijiti cha kupimia, ukipanguse kwa kitambaa safi, ukirudishe, ukichomoe tena na kusoma. Mafuta yawe ndani ya alama za joto. Hivyo ndivyo ifanywavyo kwa Toyota nyingi; lakini katika Honda nyingi mafuta hupimwa injini ikiwa imezimwa. Soma kitabu cha gari lako.

Angalia rangi na harufu pia. Mafuta mazuri ni mekundu na maangavu. Yakiwa ya hudhurungi yamechakaa. Yakiwa meusi na kunuka kama kitu kilichoungua, klachi za ndani zimekwisha kuumia, na hapo maneno ya yule fundi yaweza kuwa na ukweli. Yakiwa yamepungua, ongeza ya namna ile ile iliyoandikwa katika kitabu, kidogo kidogo, maana kuzidisha nako kuna madhara. Tena utafute yanapovujia, kwa kuwa mafuta ya gia hayaliki kama petroli. Yakipungua, yako mahali yanapotokea.

Tatu: Mchunguze mjumbe wa mguu

Katika Corolla ya mfano wetu, mjumbe wa mguu ni waya mwembamba uliomo ndani ya ala yake. Waya huu hutoka penye kilango kiingizacho hewa katika injini na kushuka mpaka ndani ya sanduku la gia. Madereva wengi hawaujui, na mafundi wengine huudhani kuwa ni wa petroli. Mtu akiondoa kabureta ili aisafishe, au akibadili injini, huweza kuurudisha waya huu vibaya, na tangu siku hiyo gia huchelewa.

Zima injini. Fungua boneti na umwombe mwenzako akanyage pedali ya petroli mpaka mwisho. Kwanza hakikisha kwamba kile kilango cha hewa chafunguka chote. Kisha utazame waya wa gia. Juu yake kuna kifungo kidogo cha chuma kilichobanwa, nacho hukaa karibu na mwisho wa ala. Nafasi iliyopo kati ya kifungo na mwisho wa ala katika Toyota nyingi hutakiwa iwe kati ya milimita 0 na 1. Katika magari mengine nafasi hii hupimwa pedali ikiwa imekanyagwa mpaka mwisho, na katika mengine hupimwa pedali ikiwa imeachwa. Kitabu cha gari ndicho kisemacho.

Ikiwa nafasi ni kubwa kuliko hiyo, waya umevutwa mno. Sanduku linadhani kwamba dereva amekanyaga sana, hata kama mguu wake umegusa tu. Legeza zile nati mbili zishikazo ala, uisogeze mpaka kipimo kiwe sawa, kisha uzikaze tena.

Chunguza pia kama waya wateleza vema. Uvute kwa vidole na kuuachilia. Urudi upesi bila kusita. Vumbi na kutu vikiingia katika ala, waya hukwama ukiwa umevutwa, na gia huchelewa hata kama kipimo ni sawa. Waya wa namna hiyo hubadilishwa, na bei yake haikaribiani hata kidogo na bei ya sanduku la gia.

Katika magari mengi ya Marekani ya zamani, na baadhi ya Mercedes-Benz za zamani, mjumbe wa mguu ni mvuto wa hewa ya injini upitao katika mpira mwembamba mpaka penye kikopo kilichofungwa kwenye sanduku la gia. Katika General Motors, sanduku la Turbo-Hydramatic 350 lililoanza mwaka 1969 ni la namna hiyo. Mpira ukipasuka au ukichomoka, gia huchelewa na kuingia kwa kishindo. Uchomoe mpira penye kikopo: ukikuta mafuta ya gia ndani yake, utando wa kikopo umetoboka, na injini inayanywa mafuta hayo. Dalili yake nyingine ni moshi mweupe nyuma ya gari, na mafuta ya gia kupungua pasipo kuonekana tone chini.

Nne: Mchunguze mjumbe wa magurudumu

Mjumbe wa pili ni kifaa kiitwacho gavana. Msomaji asikichanganye na kidhibiti mwendo kitiwacho katika matatu. Hiki kimo ndani ya sanduku la gia tangu kiwandani. Kina vyuma vidogo vitawanyikavyo kadiri gari liendavyo mbio, na kwa kutawanyika huruhusu nguvu ya mafuta kuzidi. Uchafu ukikikwamisha, ujumbe wa magurudumu huwa dhaifu.

Mtu atawatofautishaje wajumbe hawa wawili pasipo kufungua kitu? Afanye safari tatu katika barabara ile ile: ya kwanza kwa mguu mwepesi, ya pili kwa mguu wa kadiri, na ya tatu kwa kukanyaga sana, mahali ambapo ni salama na sheria yaruhusu mwendo huo. Kila mara mwenzake aandike mwendo ambao gia imebadilika.

Ikiwa gia huchelewa mguu ukiwa mwepesi, lakini mguu ukikanyaga sana gia hubadilika kwa mwendo wake wa kawaida, kosa lina dalili ya kuwa upande wa mguu, yaani waya. Ikiwa gia zote huchelewa katika safari zote tatu, hata ile ya kukanyaga sana, shaka iwe juu ya gavana. Ikiwa gia moja tu ndiyo ichelewayo na zile nyingine ni nzuri, huenda vali ya gia ile imekwama ndani.

Tena, ikiwa gia ya nne peke yake ndiyo isiyoingia, usikimbilie kwa fundi. Tazama kwanza kitufe kilichoko kwenye mkono wa gia. Taa iliyoandikwa O/D OFF ikiwaka, gia ya nne imefungwa na dereva mwenyewe bila kujua. Kisha itazame mita ya joto la maji. Katika magari mengi gia ya nne hukatazwa kuingia mpaka injini ipate moto. Themostati ikikwama wazi, maji hayapati moto vema, na gia ya nne haiji asubuhi nzima. Watu wamelipia giaboksi kwa kosa la themostati.

Tano: Usilisingizie gari

Kuna kuchelewa ambako si ugonjwa. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kadiri ya mita 1,700. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kiasi cha sehemu 15 katika 100 kuliko ilivyo Mombasa. Dereva asiyejua hukanyaga zaidi ili apate mwendo ule ule, na sanduku, kwa kutii mguu wake, huchelewa kubadili. Kadhalika mtu apandaye kutoka Naivasha kwenda Limuru na mzigo asishangae gia ya tatu ikikawia. Hata gari zima hufanya hivyo.

Vile vile, chujio la hewa lililojaa vumbi, plagi zilizochakaa, au breki zishikazo magurudumu humlazimisha dereva kukanyaga sana. Mtu akitengeneza hayo, gia nazo hupona, ingawa hakuzigusa.

Kosa kubwa la kuepuka

Tumefika penye jambo ambalo twaomba kila msomaji alishike. Mtu akisikia kwamba waya uliovutwa huchelewesha gia, aweza kufikiri, "Basi nitaulegeza kabisa, gia ziwe zinaingia mapema, petroli isipotee." Akifanya hivyo, siku ya kwanza atafurahi sana. Gia zitaingia mapema na kwa ulaini.

Lakini katika masanduku mengi ya namna hii waya ule hauamui wakati wa kubadili tu. Huamua pia nguvu ya mafuta yabanayo sahani za klachi. Ukiulegeza, klachi hubanwa kwa nguvu ndogo wakati injini inasukuma kwa nguvu kubwa. Sahani huteleza kidogo kila mara, hupata joto na kuungua. Baada ya muda mafuta huwa meusi, na ule ugonjwa ambao haukuwapo unakuja kweli. Basi waya usiwekwe kwa kufuata masikio ya dereva, bali kwa kufuata kipimo. Ikiwa kipimo ni sawa na gia bado huchelewa, usiuguse tena waya. Sababu iko kwingine.

Wakati wa kumwendea fundi

Ukiisha kufanya hayo yote na gari halijapona, nenda kwa fundi ajuaye magari ya otomatiki. Mwombe apime nguvu ya mafuta kwa geji kabla ya kufungua sanduku. Kipo kizibo kilichowekwa na kiwanda kwa kazi hiyo, na kitabu cha ufundi cha gari kina hesabu zake. Mkabidhi pia karatasi ya safari zako tatu. Fundi mwema ataifurahia, maana imempunguzia kazi. Fundi asiyetaka kuitazama amekwisha kukuonyesha alivyo.

Na ikiwa gari lako ni la miaka ya baadaye, ambalo gia zake zote huamuliwa na kompyuta, wajumbe ni wale wale wawili, ila sasa huleta habari kwa nyaya za umeme. Hapo lianze na mashine isomayo makosa ya kompyuta, si waya wa ala.

Sasa turudi kwa mtu wetu wa Thika. Amepima mafuta, nayo ni mekundu. Ameinua mguu, na gia ikabadilika papo hapo. Amefungua boneti, akaona kwamba kifungo cha waya kiko mbali na ala kwa milimita 8. Kisha akakumbuka kwamba miezi michache nyuma kabureta yake ilisafishwa kando ya barabara. Amelegeza nati mbili, akapima, akakaza. Kazi hiyo haikupita nusu saa, na ng'ombe bado yuko zizini.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika habari ya magari wako pia wabomoao ukuta mzima kwa ajili ya ufa mmoja. Njia ya kuepuka yote mawili ni kuchunguza kwa utaratibu, ukianza na lililo jepesi na la bei ndogo.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya gia kuchelewa na gia kuteleza.
2. Vali za sanduku la gia husukumwa na wajumbe gani wawili?
3. Gia zote zikichelewa, hata mguu ukikanyaga sana, utamshuku mjumbe yupi?
4. Kwa nini kuulegeza waya kupita kipimo huharibu klachi, hata kama gari laonekana kwenda vizuri?
5. Gia ya nne peke yake isipoingia, utatazama vitu gani viwili kwanza?